Tupeane uzoefu: mji wenu mdogo ulikuwa wa akina nani, na leo ni wa akina nani?

Mzawa wa Kambini

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu baada ya yale mabishano ya juzi ya ardhi humu jukwaani, ambapo kila mtu alikuwa anamwita mwenzake mgeni. Nikajiuliza, hivi nani amehesabu? Sensa ya mwisho kuuliza kabila hapa Tanzania ni ya 1967. Zilizofuata zote, kuanzia ya 1978 hadi ya 2022, hazikuuliza, na mimi sina ugomvi na uamuzi huo. Ila maana yake mji mdogo ukibadilika watu, habari inabaki vichwani mwa wazee na ikifika msiba inazikwa. Basi tuandike hapa.

Masharti mawili tu: simulia ulichokiona au ulichosimuliwa na wakubwa wako, na utuambie ni kazi gani au jambo gani liliwaleta watu au kuwaondoa. Matusi ya ukabila peleka kwingine.

Naanza. Nimezaliwa kambi ya mkonge upande wa Korogwe. Huko ni nchi ya Wazigua na Wasambaa, lakini kambini kwetu Mzigua alikuwa wa kutafuta kwa tochi. Wenyeji walikuwa na mashamba yao, kukata mkonge kwa mwenye shamba hawakukutaka. Enzi za mkoloni wenye mashamba wakaenda kuchukua watu mbali: Wabena na Wanyakyusa wa kusini, Waha wa Kigoma, Warundi, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Hao ndio manamba. Babu yangu, Mbena, alikuja kwa mkataba akiaga kwamba ukiisha anarudi. Hakurudi. Bibi alikuwa Mmakonde wa Msumbiji. Nyumba zilipangwa kwa makabila, mstari wa Waha, mstari wa Wamakonde, na Jumamosi usiku kila mstari na ngoma yake. Juu kilimani Wagiriki wenye shamba na mbwa wao.

Kilichovunja ile mistari, kwa maoni yangu, si hotuba ya umoja hata moja. Ni bei. Kamba za plastiki zilishusha bei ya mkonge miaka ya sitini, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na ajira ikawa inapungua mwaka hadi mwaka. Nyumba zikabaki wazi, mtu akahamia penye bati zima bila kuuliza mstari wa nani. Aliyekuwa na kwao akaenda. Aliyezaa na mtu wa mstari mwingine akabaki, maana angewapeleka watoto kwa nani? Sisi wajukuu ukituuliza kabila tunataja la babu upande wa baba, yaishe. Kibena changu kinaishia "kamwene".

Na leo Wasambaa wanashuka, kule milimani ardhi imekwisha, wanalima vipande vya shamba lililoachwa. Sasa sisi wajukuu wa manamba ndio tunajiita wakongwe na wao ndio wa kuja, ndani ya wilaya yao wenyewe! Nani mgeni inategemea umeanza kuhesabu mwaka gani.

Karibuni.

Mto Kilombero

Mkuu umenigusa penyewe. Mimi ni Mndamba, bonde la Kilombero, ng'ambo ya mto ukitokea Ifakara. Nitaandika ndefu kidogo, mnivumilie.

Nikiwa mdogo bonde lilikuwa la Wandamba mtoni, Wapogoro upande wa Mahenge, Wabena upande wa Malinyi. Tulivua, tulilima mpunga kwa jembe la mkono. Ng'ombe tulimwona misheni tu, mbung'o walikuwa wengi. Halafu wakaanza kupita wafugaji wa Kibarbaig na fimbo zao, mmoja mmoja, wakati wa kiangazi. Baadaye Wasukuma, na hao hawakupita, walikaa. Wimbi kubwa kabisa lilikuja baada ya 2006, serikali ilipoondoa mifugo bonde la Usangu kule Mbarali ili kuokoa maji ya Ruaha. Kwenye makaratasi walitakiwa kwenda Lindi na Kilwa. Wengi walifika. Wengi vilevile walikatia kwetu, maji yapo na majani yapo, nani angekubali kuendelea?

Watu wa mbali wanadhani hadithi ni wafugaji dhidi ya wakulima basi. Ngojeni niwaambie jambo ambalo halisemwi: Msukuma ni mkulima kutuzidi. Alikuja na plau. Sisi kwa jembe familia ililima ekari mbili ikachoka. Yeye na ng'ombe wake wanne akafungua mbuga tuliyokuwa tunaiogopa maji yake. Mwaka wa kwanza tulimcheka, wa pili tukamkodi atulimie, wa tatu vijana wetu wakaanza kumuuzia. Tena hawakuuza ofisini. Waliuza chini ya mwembe, kwa daftari la shule, mashahidi wawili na mmoja amelewa. Ekari ambayo leo huigusi waliitoa kwa bei ya baiskeli.

Kijiji chenyewe, ukipita barabarani, utadhani hakijabadilika. Nyumba zetu ziko palepale tulipopangwa enzi za vijiji vya ujamaa. Ila Msukuma haishi barabarani, anaishi shambani kwake. Ingia ndani kwa pikipiki uone: kanisa wanaimba Kisukuma, sherehe zikija ni ngoma ya bugobogobo na majembe hewani, mnada una siku yake. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji ndipo unajua idadi. Mara ya kwanza walipojaza uwanja wazee wangu walinyamaza kimya mpaka agenda ya tatu. Mwenyekiti wetu sasa ni Msukuma, na nilimpigia kura mimi, kwa sababu alisimamia darasa likaisha.

Sikatai machungu yapo. Mazao yameliwa, watu wamepigana, wengine wamekufa. Bonde lile ni ardhi oevu inayotambuliwa kimataifa tangu 2002, na ile operesheni ya 2012 ya kutoa mifugo ilimkuta kila mtu, hata Mndamba aliyekuwa ameshanunua ng'ombe wake kwa kuiga. Sasa hivi binti yangu ameolewa usukumani humohumo bondeni. Mahari wakaleta ng'ombe. Mimi mvuvi, hata kukamua sijui, nikasimama nawatazama na wao wananitazama.

Jicho Kavu

Kwa hiyo mnasherehekea kuvamiwa? Subirini, mtakuwa vibarua kwenye ardhi ya babu zenu.

Mto Kilombero

Ndugu yangu, soma tena. Sikutaja popote kuvamiwa. Waliouza ni sisi.

Binti Lindi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni Mhindi wa Lindi. Najua wengine mnashtuka tukisema "kwetu Lindi", lakini makaburi yetu yapo pale na babu yangu alizaliwa pale. Nyumbani ilikuwa Kikachi, lugha ya Wahindi wa Kachi, na babu, Kiswahili na kila mtu mwingine.

Uzi unauliza nani wamekuja. Naomba niongelee walioondoka. Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Yakawa chini ya ofisi ya serikali ya Msajili wa Majumba. Sibishani na siasa yake, nyumba nyingi mijini zilikuwa kweli mikononi mwa watu wachache. Lakini mji mdogo si Dar. Mtu aliyejenga ghorofa moja, chini duka, juu anapangisha ili azeeke vizuri, aliamka amekuwa mpangaji kwenye ukuta aliouchora mwenyewe. Mwaka uliofuata Idi Amin akafukuza Wahindi Uganda. Hapo hata waliokuwa wamesema watavumilia wakaanza kutafuta pasipoti.

Hawakuondoka kwa mkupuo. Kwanza vijana, "anakwenda kusoma". Kisha mabinti wakaolewa Dar. Kisha kaka wa Toronto akawaita wazazi. Jumuiya ndogo inakufa kwa hesabu: ikifika mahali jioni mnasali watu saba, na wanne kati yao ni wa nyumba moja, mnajua. Jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, likafungwa. Baba alikataa kuondoka. Alisema anayetaka kumwona aje Lindi, na akabaki na duka lake la vitambaa mpaka mwisho, rafiki zake Wamwera na Wamakonde wazee wenzake wa bao.

Mtaa wetu wa zamani leo una maduka ya Wamwera, Wamakonde, Wachaga, Wakinga. Nilipita mwaka jana, kijana mmoja akanikaribisha kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kiswahili cha kusini kabisa, akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma.

Mzawa wa Kambini

Dada, marahaba na asante sana. Baba yako ningependa kumjua.

Kijana wa Mazimbu (ujana wenyewe umepita)

Mazimbu, Morogoro. Lilikuwa shamba la mkonge lililokufa, serikali ikawapa ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, 1977, wakajenga shule waliyoiita Solomon Mahlangu, yule kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Makazi yao mengine ya Dakawa yakafuata. Kwa miaka kama kumi na tano sisi watoto wa jirani tulisikia Kizulu, Kixhosa na Kisotho kama kawaida, pamoja na Wazungu wa kujitolea, Waskandinavia wengi. Mama yangu Mluguru alifanya kazi pale. Baba yangu alikuwa mpigania uhuru.

Julai 1992 eneo likakabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni chuo, kampasi ya Sokoine. Mji mzima ulihama. Wapo akina mama waliokwenda na waume zao. Wapo waliobaki na watoto wenye majina ambayo mwalimu anayatamka vibaya kila mwanzo wa mwaka. Mimi ni wa kundi la pili. Sina uchungu wa kuandika kurasa, mama alinilea vizuri. Ila mkihesabu nani walipita kwenye miji midogo, msihesabu walioacha majengo tu.

Mkwale

Hamjambo nyote. Mie niko Kwale, Kenya, upande wa Makongeni. Huyo bibi Mmakonde wa mwenye uzi ni kama nyanya yangu. Wazee wetu walivuka kutoka Msumbiji, wengine wakipitia huko kwenu Tanga, wakaja kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa ya Ramisi. Kazi ziliisha, sisi tukabaki, na Kenya ikapata uhuru bila kutuandika popote.

Hapa kwetu, tofauti na huko, kabila linahesabiwa kila sensa, na usipokuwa kwenye orodha ni tabu. Bila kitambulisho huna ajira rasmi, huna akaunti ya benki, polisi wakikushika unaitwa mhamiaji. Wadigo majirani zetu ndio waliotusitiri. Mzazi alikuwa akimwandikisha mtoto kwa jina la Kidigo, au msichana anaolewa na Mdigo ili watoto wawe na karatasi. Kwa hiyo wapo Wadigo kwenye vitabu vya serikali ambao nyumbani wanachonga vinyago!

Oktoba 2016 watu wetu walitoka Kwale kwa miguu kwenda Ikulu Nairobi. Rais akatoa amri, na mapema 2017 vitambulisho vikaanza kutolewa, tukatajwa kabila la 43. Mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Asia wakatajwa la 44. Dada wa Lindi, sijui hilo unalionaje.

Binti Lindi

Nalionaje? Kaka, ningefurahi na ningechukia siku moja. Kutambuliwa ni vizuri. Kupewa namba baada ya zaidi ya miaka mia moja ni kichekesho.

Mkwale

Hahaha, sisi namba tuliililia.

Mzee wa Handeni

Vijana, mimi naleta la kwetu ambalo hamtalipata kwingine. Handeni ni kwa Wazigua. Karne ya kumi na tisa, wakati wa njaa na biashara ya utumwa, Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi mpaka Somalia. Wakatoroka, wakaanzisha vijiji vyao bonde la mto Juba, wakakaa huko vizazi na vizazi. Somalia ilipovunjika 1991 wakashambuliwa, maana hawakuwa na ukoo wa kuwatetea. Wengi walikimbilia kambi za Kenya. Wengine wakasema, sisi tunajua tulikotoka, wakaja Tanga.

Wakawekwa kambi ya Mkuyu, baadaye wakapewa makazi Chogo, hapahapa wilayani kwetu. Nilikuwepo walipoanza kuja gulioni. Wanawake wamejifunga kama Wasomali, wanaume na vikoi. Tukajiandaa kuongea kwa ishara. Mama mmoja akauliza bei ya mahindi kwa Kizigua, Kizigua cha ndani kabisa, maneno ambayo bibi yangu aliyatumia na sisi tuliyaacha tukashika Kiswahili. Vijana wetu hawakumwelewa! Ikabidi tuitwe wazee kutafsiri Kizigua kwa Wazigua.

Haikuwa asali tupu. Walipopewa ardhi na mashirika yakawachimbia visima, wapo wenzetu walionuna: mkimbizi anapata bomba, mwenyeji anakunywa lambo. Wakapimwa kwa koo. Mzee wao akitaja ukoo na ukoo huo upo Handeni, basi ni ndugu, mzike pamoja. Ambaye ukoo wake haukupatikana alikaa pembeni muda mrefu. Baadaye wengi wao walipewa uraia. Mjukuu wangu mmoja ana mama wa Chogo, na ndiye pekee katika wajukuu anayenijibu kwa lugha yangu.

Mbeba Maboksi

Mzee wangu shikamoo. Sikuwa na nia ya kuchangia, lakini hao ndugu zako ninao huku! Niko Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Mji wa watu kama elfu 37 hivi. Nilihamia kwa kazi ya kuhudumia wazee, na siku za mwanzo dukani nikasikia akina mama wanaongea, nikaelewa nusu. Mimi mama yangu ni Mzigua wa Korogwe. Nilidhani baridi imeniingia kichwani.

Mji huu ulijengwa na viwanda vya nguo. Waliovijaza ni Wakanada wa Québec wanaozungumza Kifaransa, tangu karne ya kumi na tisa. Wazee ninaowahudumia wanasimulia walivyokatazwa kuongea Kifaransa shuleni. Viwanda vikafa, vijana wakahama, nyumba zikabaki tupu na kodi ikashuka. Kuanzia 2001 Wasomali wakaanza kuja wenyewe, kutoka miji mingine ya Marekani walikokuwa wamepelekwa, wakitafuta mahali patulivu pa kulea watoto. Ndipo wakaja na hawa Wazigua wa Juba. Oktoba 2002 meya aliandika barua ya wazi akiwaomba viongozi wa Kisomali wapunguze kasi ya watu kuja. Ikawa habari ya nchi nzima. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kikaja kuandamana, wakajitokeza watu wachache sana, na upande wa pili wakakusanyika maelfu kuwapinga.

Leo mtaa mkuu wa Lisbon una maduka ya Kisomali. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya mji, wengi watoto wa wakimbizi, ilichukua ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza, na wale wazee wa Kifaransa ninaowaogesha asubuhi walikuwa wanataja majina ya wachezaji. Mmoja akaniambia, "sisi walituambia mambo hayohayo". Mwingine chumba cha pili hataki hata kuguswa na mtu mweusi, na mshahara ni uleule. Miaka ya karibuni wameingia Wakongo na Waangola, kwa hiyo Kiswahili nakisikia kila kona. Ila Kizigua, mzee, ndicho kinachonitoa machozi.

Jicho Kavu

Haya na mimi. Kwetu ni Tengeru, Arusha, kwa Wameru. Mwaka 1942 Waingereza walileta Wapolandi waliotoka Urusi, wanawake na watoto wengi, kama elfu tano. Waliishi kwenye vibanda vya duara vya majani, wakawa na shule, kanisa, hospitali. Miaka ya hamsini ilipoanza wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Makaburi yapo, tunapita kila siku. Bibi alijua kuhesabu mpaka kumi kwa Kipolandi. Msimamo wangu wa ardhi haujabadilika.

Mzawa wa Kambini

Karibu hivyohivyo mkuu. Nani yupo wa Katavi?

Katumba Yetu

Nipo. Wazazi walitoka Burundi 1972, mauaji yalipoanza. Wakapelekwa Katumba, wengine Mishamo na Ulyankulu. Ulikuwa msitu, wakapewa mashoka. Sisi tuliozaliwa hapo tuliishi na kibali cha kutoka makazini mpaka wakati watu wenye umri wangu wana wajukuu. Oktoba 2014 ndipo vyeti vya uraia vilianza kutolewa, kwa watu zaidi ya 160,000. Mwanzoni ilisemekana lazima tutawanywe mikoa mingine, ili tusikae kundi moja. Miaka kadhaa hatukupanda miembe wala kuezeka upya, unajenga nini na unaambiwa utahama? Mpango ukaachwa, tukaambiwa tubaki. Mwaka huo bati ziliuzwa Mpanda mpaka zikaisha.

Sasa Wasukuma wameanza kuja kwetu kukodi mashamba, na nawasikia wenzangu, watoto wa wakimbizi kama mimi, wakinong'ona "hawa wa kuja". Ndiyo maana nina swali kwa Mto Kilombero. Sisi bado hatujauza. Mkianza upya leo, mngefanya nini tofauti?

Mto Kilombero

Ndugu, kodisheni, msiuze. Mkataba wa msimu mmoja au miwili, uandikwe ofisi ya kijiji na si chini ya mwembe, mipaka ikanyagwe kwa miguu na majirani wote wanne. Kabla ya hapo fuatilieni hati za kimila, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaziruhusu, na jina la mke liwemo, maana kwetu waliouza ni wanaume peke yao na wake waligundua plau iko shambani. Njia ya ng'ombe kwenda majini muitenge sasa wakati mbuga bado wazi. Na huyo mpangaji mualikeni kwenye mkutano mkuu tangu mwaka wa kwanza, asikae nje kisha aje siku moja na watu mia tatu.

Katumba Yetu

Hiyo ya mkutano hatukuifikiria. Kesho Jumapili kuna kikao, naipeleka.